Daraja la Warumi Alilolijenga Baba Mkwe

Naitwa Obdulia, nina miaka sabini na mmoja, na mimi ndiye mwenye baa pekee ya Valdecorza, kijiji chenye watu arobaini na watatu na korongo wawili juu ya mnara wa kanisa. Najitaja mapema ili asije mtu akadai habari hii kaipata kwa watu wa pembeni. Mambo yote yalianzia kwenye meza yangu, ile ya karibu na jiko, na neno la kijinga kuliko yote lilitoka mdomoni mwangu mwenyewe.

Shida yetu ilikuwa barabara. Kutoka barabara kuu hadi kwetu ni kilomita tisa za kupanda, na lami yake iliwekwa mwaka aliobatizwa binti yangu Begoña, ambaye siku hizi anapaka nywele rangi kuficha mvi. Lami yenyewe ilishabaki viraka viraka, na katikati ya viraka kulikuwa na mashimo ambayo tuliyazoea hata tukayapa majina. Kubwa lao tuliliita Askofu, kwa sababu ndimo gari la askofu lilimovunjika ekseli siku aliyokuja kubariki kengele mpya.

Zamani, Jumapili ikifika saa nne asubuhi, baa yangu ilijaa waendesha baiskeli kutoka mjini. Wanaume wa makamo, vitambi vimebanwa ndani ya nguo za rangi za kasuku, wamepanda milima kilomita arobaini ili wapate kisingizio cha kula mayai mawili ya kukaanga, soseji nyekundu, nusu mkate na divai. Wakimaliza wanapongezana kwamba wamefanya mazoezi. Niliwapenda sana wale watu, walikuwa hawaachi makombo. Mashimo yaliwafukuza mmoja mmoja, maana magurudumu ya baiskeli zao ni membamba na hayataki utani.

Lakini sikuwa naililia baa. Nilikuwa namlilia mume wangu, Eladio. Figo zake zilikufa miaka minne iliyopita. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi gari la wagonjwa linamchukua saa mbili asubuhi, linampeleka mjini kusafishwa damu kwa mashine, kisha linamrudisha. Kwenda anakwenda vizuri, anapiga soga na dereva. Kurudi ndiko kwenye kazi. Mtu ametolewa damu yote mwilini ikarudishwa, halafu unamtia kwenye kilomita tisa za mashimo. Alikuwa akishuka nyumbani mweupe, ameshika mfuko wa kutapikia.

Dereva wake, Nemesio, mtu wa shingo fupi na moyo mpana, alinivuta pembeni siku moja mwezi wa tano.

"Bi Obdulia, nikufiche nini. Kampuni imesema baridi ikiingia gari halipandi tena huku. Mwaka huu tumeshavunja springi mbili."

"Sasa mgonjwa wangu atafikaje?"

"Wanasema ahamie mjini. Si mna binti kule?"

Binti tunaye. Anakaa ghorofa ya sita, dirisha linatazamana na dirisha la mwenzake. Eladio hajawahi kulala nje ya Valdecorza tangu atoke jeshini akiwa na miaka ishirini na mbili. Nilipomwambia, alitikisa kichwa tu. "Nikienda kule," alisema, "sitauawa na figo. Nitauawa na lifti."

Basi ikawa hivyo: lami kabla ya baridi, la sivyo tunahama. Nilishaandika barua kumi na saba kwa ofisi ya mkoa. Kila moja ilijibiwa kwamba ombi letu limepokewa kwa uzito unaostahili. Sijui mizani yao wanaitoa wapi.

Siku moja ya mwezi wa sita aliingia meya wetu, Secundino, binamu yake Eladio. Secundino ni meya kwa sababu wenzake wote walikataa. Alikuja anahema, gazeti mkononi, akalipiga juu ya meza.

"Mmeona? Torrelmonte wamewekewa lami! Lami nyeusi tii, mpaka uchochoro wa makaburini! Siku nne tu!"

Torrelmonte ni majirani zetu. Wana ngome ya kale na wana majivuno, na sijui kipi kilitangulia.

"Wao wana nini ambacho sisi hatuna?" Eladio aliuliza.

"Baiskeli, binamu. Mbio za Mzunguko wa Minara zitapita kwao mwezi wa tisa. Runinga inakuja, helikopta inakuja. Unadhani wakubwa watakubali nchi nzima ione mashimo yao?"

"Kwa hiyo akipita mgonjwa wa figo mashimo ni sawa," nikasema, "ila ikipita baiskeli ni aibu."

"Obdulia, usianze. Mimi nimekuja na dawa, wewe unaleta ugomvi. Tunaomba mbio zipite hapa. Zikipita, lami inakuja. Fomu ninayo."

Akaikunjua mezani. Mlima? Tunao, na mkali. Maji ya kunywa? Yapo. Halafu likaja swali lililomfanya meya atafune kalamu: *Eleza urithi wa kihistoria ulioko kwenye njia hiyo.*

Tukatazamana. Kanisa letu liliungua, likajengwa upya na mtu aliyekuwa na haraka. Birika la kunyweshea nyumbu limepasuka. Nyumba ya kasisi ina bati.

"Kuna daraja," Secundino akasema.

Eladio akacheka mpaka akakohoa. "Lile la mtoni? Secundino, lile alilijenga baba yangu mwaka hamsini na nne. Nilikuwa na miaka saba, nabeba maji ya kuchanganyia chokaa. Alilijenga kwa sababu kondoo wetu kumi na mmoja walisombwa na mto. Urithi gani huo?"

Akanyanyuka, akaenda zake kulala, maana ile ilikuwa saa ya kulala mchana na Eladio hajawahi kuikosa, awe mzima awe mgonjwa.

Laiti ningeenda naye. Badala yake nilivuta kiti, nikamwambia meya, "Andika kwamba ni la Warumi."

"Obdulia!"

"Obdulia nini? Nchi hii nzima, ukikuta jiwe limekaa juu ya jiwe, watu wanasema Warumi. Daraja la Torrelmonte lina zege na wameliwekea kibao cha Warumi. Sisi letu lina tao, lina ukoka, limepinda kidogo. Likiwa la Warumi nani atakufa?"

Macho yalimtoka pima. Kisha nikaona yanaanza kung'aa, na hapo ndipo ningepaswa kuogopa. "Na barabara yenyewe?"

"Daraja la Warumi litaelekea wapi kama si kwenye barabara ya Warumi? Andika na hiyo."

Mwandiko wa Secundino ni wa kuku aliyekanyaga wino, hivyo niliandika mimi. Niliandika vizuri, kwa mistari iliyonyooka, kama nilivyofundishwa na masista. Niliandika kwamba majeshi yalipita juu ya daraja lile yakienda vitani. Nilitia na ndovu wawili, Secundino akaniomba niwatoe. Tulikubaliana Eladio asijue nani kaandika. Nilijiambia ni kwa ajili yake, na kwamba lami ikifika tutacheka wote.

Baada ya wiki tatu alikuja mkaguzi wa njia za mbio, Iker Landaluce, mtu mrefu, mkavu, mwenye miguu iliyonyolewa laini kuliko ya kwangu siku ya harusi. Alikuja kwa baiskeli. Alifika uwanjani gurudumu la nyuma limepasuka, kiwiko kinavuja damu, vumbi mpaka kwenye meno. Askofu lilikuwa limempokea.

Secundino alimkimbilia na taulo. "Utusamehe sana bwana kwa hali ya barabara. Ndiyo maana tunaomba..."

"Nikusamehe?" Iker alimshika mabega. "Ndugu yangu, hii ni almasi! Miaka kumi naitafuta barabara kama hii!"

Tulidhani ameanguka na kichwa. Nikamkalisha, nikamkaangia mayai. Alikula kwa adabu huku akitueleza mambo ya dunia ya leo. Watazamaji wamechoka na lami, alisema. Lami ni usingizi. Watu wanataka vumbi, mawe, magurudumu yanayopasuka, kijana analia kando ya njia na baiskeli begani. Nchi za kaskazini wana barabara zao za mawe ya kale na wanaziabudu. "Na nyinyi hapa mna ya Warumi, mmekaa kimya! Nawaomba kitu kimoja: msiguse hata kokoto."

Sote tukacheka, tukidhani ni mzaha wa mwenye baiskeli. Secundino yeye alisikia neno moja tu, kwamba tumechaguliwa, na akaagiza kengele ipigwe.

Mwezi wa nane, Jumatatu asubuhi, tuliisikia mitambo kabla ya kuiona. Greda moja na malori mawili. Sijui nieleze vipi furaha ya siku ile. Wazee walitoka na viti vyao wakaketi kando ya barabara kama wanasubiri maandamano ya Mtakatifu Roke. Mimi nilibeba mtungi wa divai na paja zima la nguruwe lililokaushwa, lile nililokuwa nimeliwekea Krismasi. Eladio alivaa shati jeupe. Alisimama getini ameshika nguzo, nikamwona anapangusa macho, akasingizia vumbi.

Mkuu wa mitambo alikula nyama, akanywa, akashukuru. Nikamuuliza, "Na lami yenyewe inakuja lini, baba?"

"Lami gani, mama?"

"Lami ya barabara."

Akanitazama kwa huruma. "Mama, sisi tumetumwa kuitoa."

Na kweli waliitoa. Walivikwangua viraka vyote, kimoja baada ya kingine, kwa sababu viraka, walisema, vinaharibu picha. Palipokuwa laini walimwaga mawe yaliyovunjwa, ili ugumu uwe sawasawa kote. Askofu waliliacha; walilizungushia chokaa nyeupe ili kamera ilione. Barua zangu kumi na saba hazikuwahi kuleta hata koleo, na kazi hii ya kutuharibia ilikwisha kwa siku tatu. Paja la nguruwe walikuwa wameshalimaliza. Jumanne iliyofuata Eladio alirudi ametapika mara mbili, na Nemesio hakutaka kunitazama usoni.

"Mimi nitaendelea kupanda mpaka waniambie basi," alisema. "Ila wataniambia basi."

Nilimfuata Secundino ofisini kwake. Alikuwa ametundika ukutani nakala ya ile fomu, ndani ya fremu, chini ya picha ya mfalme.

"Tunakwenda kusema ukweli," nikamwambia.

"Obdulia, nimetia sahihi. Hiyo inaitwa tamko la uongo. Wananifunga!"

"Wakikufunga nitakuletea mayai."

Hatukuhitaji kwenda mbali. Wiki ile ile alikuja mtaalamu wa mambo ya kale, Remedios Quiroga, kuja kuweka kibao. Anaitwa daktari, lakini si wa watu, ni wa mawe. Nilimpeleka mtoni mimi mwenyewe, Secundino akatufuata. Nilimwonyesha picha: baba mkwe wangu Faustino na wanaume wanne wenye kofia bapa, kila mmoja ameshika jiwe, na tao nusu nyuma yao.

Aliisogeza karibu na macho. "Ajabu," alisema. "Picha ya ukarabati. Hizi ni adimu sana."

"Si ukarabati, mwanangu. Ni ujenzi. Hapo kabla palikuwa na maji na kondoo waliokufa."

Nikamwinamisha chini ya tao, nikamwonyesha palipochongwa FAUSTINO 1954.

"Mafundi wa ukarabati walikuwa na tabia hiyo ya kuchonga majina," akasema kwa upole. "Lakini huu upangaji wa mawe, Bi Obdulia, ni wa karne ya kwanza. Fundi wa kijijini hawezi."

"Huyu aliweza. Aliweza na kujenga banda langu la kuku, njoo ulione!"

Secundino alikuwa anatazama viatu vyake. Nilimkata jicho mpaka shingo ikaniuma, hakufungua mdomo. Remedios alinipapasa mkono, akasema ni jambo zuri sana familia inapolipenda daraja kiasi cha kuliona kuwa ni lao. Kisha akanieleza sheria. Njia ya urithi haiwekwi lami. Nikamuuliza kwa muda gani. Akasema milele, na akalisema kwa furaha, kama mtu anayekuletea zawadi.

Eladio alikiona kibao Alhamisi, akiwa anakwenda mjini. *Daraja la Warumi, karne ya kwanza.* Aliporudi aliketi jikoni. "Baba yangu alikuwa mfupi," alisema, "lakini hakuwa mzee kiasi hicho." Nikacheka, naye akacheka. Chakula hakukigusa siku ile, na mimi nilikwenda nyuma ya banda la kuku nikalia kwa aibu.

Siku ya mbio ikafika. Jumamosi. Kila mtu alikumbuka kila kitu: bendera, maua, bendi ya tarumbeta, choo cha kukodi. Hakuna aliyekumbuka kwamba Jumamosi ni siku ya damu ya Eladio, na kwamba barabara ingefungwa tangu alfajiri hadi saa tisa mchana. Nemesio alipiga simu kutoka barabara kuu. Polisi wamemzuia.

Nilimkamata Iker kwenye vazi lake jipya. "Mume wangu asipofika kwenye mashine leo, kesho maji yanamjaa mapafuni. Nifungulie barabara."

Rangi ikamtoka. Sitamsema vibaya, moyo anao. "Siwezi kuifungua, runinga iko hewani. Lakini kuna ufagio."

Ufagio ni basi dogo linalofuata nyuma ya mbio zote kuokota walioshindwa. Wakamweka Eladio humo, kiti cha mbele, wamshushe kwa Nemesio kule barabara kuu, na kwa kuwa kanuni zinataka kila abiria awe na namba, wakambandika namba mgongoni. Mia moja themanini na tisa. Alinipungia mkono dirishani kwa fahari ya mtu anayekwenda kushindwa mashindano.

Mimi nikabaki uwanjani, na hapo binti wa runinga akanisogezea kipaza sauti. "Mama, unajisikiaje kuishi kwenye barabara yenye miaka elfu mbili?"

Nikaona hii ndiyo nafasi yangu, nchi nzima inasikia. "Hii barabara ilikuwa na lami hadi mwezi wa nane," nikasema. "Daraja kalijenga baba mkwe wangu mwaka hamsini na nne, jina lake liko chini ya tao. Warumi niliwatunga mimi, mezani kwangu, ili tupate lami, kwa sababu mume wangu ni mgonjwa."

Binti alicheka hadi machozi. Akageukia kamera. "Ndivyo walivyo watu wa milimani! Utani wao hauna mfano!" Na bendi ikapiga.

Yaliyotokea ndani ya ufagio nilisimuliwa na Eladio. Walikuwa wamewaokota vijana sita, mmoja ana miaka ishirini na tatu, amejikunja sakafuni kwa maumivu ya mgongo, anamlaani mama aliyemzaa kwa kumnunulia baiskeli. Kamera ilikuwa humo.

"Mzee," kijana akasema, "na wewe umeshindwa?"

"Bado. Mimi naelekea hospitali."

"Hii njia nimeipita mara moja, nimeacha kazi. Naapa nimeacha."

"Mimi naipita mara sita kwa wiki," Eladio akamwambia, "mwaka wa nne huu. Kaza tumbo kwenye kona ya pili, ndipo lilipo Askofu."

Yule kijana akamkumbatia. Basi zima likampigia makofi, na nchi nzima ikaona. Jioni ile watangazaji hawakumzungumzia mshindi. Walimzungumzia mzee namba mia moja themanini na tisa, mtu wa chuma, mwana wa ardhi ngumu. Mimi nilikuwa hapo mbele ya runinga, nimeshika mikono, nasubiri mmoja wao tu aulize kwa nini mgonjwa anapitishwa kwenye mawe. Hakuuliza mtu.

Walichofanya ni kumwekea jiwe. Lipo hapo kabla ya daraja, limechongwa vizuri: *Sekta ya Eladio. Kilomita tisa. Ugumu: nyota tano.* Sekta, kwa lugha yao ya mbio, ni kipande cha njia ya mawe. Iker alilileta mwenyewe, akatoa hotuba. Secundino alilia. Mwezi wa kumi na moja theluji ya kwanza ilipoonekana mlimani, barua ya kampuni ikaja, mistari miwili.

Nemesio aliomba ile safari ya mwisho aifanye yeye. Ilikuwa Alhamisi. Eladio atasafishwa damu, na kutoka pale atakwenda moja kwa moja ghorofa ya sita. Nilikuwa nimefunga nguo kwenye masanduku mawili, picha ya Faustino nimeizungushia sweta. Funguo za baa nilimwachia Secundino. Alitaka kunikumbatia, nikamwambia awalishe kuku kwanza, mengine tutaona. Nilipanda nyuma, Eladio mbele, na tukaanza kushuka taratibu.

Pale darajani Nemesio alisimamisha gari. Waendesha baiskeli kumi na mmoja walikuwa wanapanda, wageni, warefu, wekundu kwa baridi. Siku hizi wanakuja kila siku kutoka nchi za mbali kuja kuteseka kwenye Sekta ya Eladio. Walishuka, wakapiga picha na jiwe. Mmoja alivua glavu, akaingia chini ya tao, akawa anapapasa mawe polepole kwa kiganja, moja baada ya jingine.

Mmoja wao alisogea dirishani kwa Eladio, akauliza kwa lugha yetu iliyovunjikavunjika kama baa iko wazi, maana wameambiwa kuna mayai.

"Imefungwa," Eladio akamjibu.

"Pole sana. Lakini hongera, mzee. Mmeitunza vizuri barabara hii."

Eladio akamshukuru. Alibaki anatazama jiwe lenye jina lake. "Baba alijenga daraja," alisema, "hakuandikwa popote ila pale alipojichonga mwenyewe. Mimi nimekaa tu garini nikatikisika, nimewekewa jiwe."

Hapo nilishindwa. Niliweka mkono begani mwake. "Eladio. Yale ya Warumi niliyaandika mimi. Secundino alitia sahihi tu. Maneno yote ni yangu. Barabara nimeiharibu mimi."

Hakugeuka. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ile fomu ilipotundikwa ukutani. Miezi kumi na minne nilisoma barua zako jeshini, Obdulia. Nisiujue mwandiko wako?"

"Na ulikaa kimya?"

"Ningesema nini? Uliandika vizuri sana. Niliisoma mara tatu." Kule chini ya tao yule mgeni alikuwa bado anapapasa, na sasa ameita na wenzake. Eladio aliwatazama, na nikaona anatabasamu, mume wangu, mweupe vile, na mkanda umembana kifuani. "Faustino hakujua hata kusoma," alisema. "Na wewe umempa miaka elfu mbili."

Nemesio alijifanya anafuta kioo. Kisha akatia gia, tukavuka daraja, tukaingia kwenye mawe. Eladio alishika mfuko wake mapajani, kona ya kwanza, kona ya pili, mpaka barabara kuu. Lami ilipoanza, alilala.